Kutoa Hewa Kwenye Breki za Sista Mwanasha

Juzi mke wangu Mejumaa alinikuta nimekaa barazani, mkono wa kulia ukikunja vidole na kukunjua, polepole, kama niliyeshika leva ya breki. Alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe umestaafu au hujastaafu?" Nimestaafu, wallahi. Karakana nimewaachia nyinyi wadogo zangu, pamoja na spana zote isipokuwa moja ya namba kumi niliyoificha. Lakini mkono haujapata habari.

Mmenitaka niandike niliyoyaona kazini. Nani alipandishwa na nani alilipwa nini, hayo waulizeni wengine. Mimi nitaandika habari ya pikipiki moja na breki zake, kwa sababu kila ninapowaona mkimimina mafuta ya breki huku simu imebanwa begani, moyo hunienda mbio, na sitaki kufa kwa presha ya watu wengine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Musyoka, Mkamba wa Shimba Hills, ambaye wazazi wake waliletwa kwenye mashamba ya makazi akiwa bado mdogo. Kibanda chake kilikuwa Ukunda. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akanitazama juu mpaka chini. "Umekuja harusi?" Kisha akanipa sabuni. Nikadhani ananifanyia mzaha, kwani ni fundi gani anayenawa kabla ya kazi? Akaniambia, "Leo tunafungua breki. Injini ikikataa unashuka, unasukuma. Breki ikikataa, hushuki." Nikanawa mpaka viwiko. Tangu siku ile sijafungua kikopo cha mafuta ya breki kwa mikono michafu, na nyinyi ninaowafahamu kwa majina mnajua kwa nini nawatazama hivyo.

Mwaka ule wa machafuko ya Likoni kibanda chake kilichomwa moto. Wabara wengi walirudi kwao. Yeye alijifungia shambani, na watu wakasema amekwisha, hatashika spana tena. Nilimfuata huko huko, nikapiga hodi. "Shikamoo, mzee. Kwangu Munje kuna uwanja na kuna kivuli. Spana zangu ni zako. Twende." Nikaona haya kumtazama, maana waliochoma walikuwa wakisema lugha niisemayo mimi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kofia yake. Mejumaa alipoambiwa mgeni atashinda kwetu kila siku aliuliza jambo moja tu: "Pweza anakula?" Pweza hakula, lakini muhogo wa nazi aliumaliza, na ndivyo karakana ilivyohamia uwanjani kwetu.

Sasa nije kwa Sista Mwanasha. Huyu alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Msambweni, na kazi yake ilikuwa kuchukua chanjo Kwale, kuzitia kwenye kasha lenye barafu, na kuzifikisha vijijini kabla barafu haijayeyuka. Mradi mmoja wa chanjo ulikuwa na mzungu aliyekuja na pikipiki yake ya Kijerumani, kubwa, nzito, ya kusafiria mbali. Alipoondoka akauachia mradi, na mradi ukampa Sista, kwa kuwa hakuna mwanamume pale ofisini aliyekubali kuipanda. Dada yule hakuwa mrefu. Akisimama alikuwa akigusa ardhi kwa ncha za viatu, mtandio ndani ya kofia ngumu, buibui limekunjwa juu ya kasha. Wazee fulani walinung'unika msikitini kwamba mambo hayo hayajapata kuonekana. Surua ilipoingia mtaani kwao, hao hao ndio waliokuwa wakisimama njiani kuuliza, "Sista bado hajapita?"

Pikipiki ile ilikuwa na ABS. Leo hata pikipiki ndogo zinayo na hamshangai, lakini wakati ule sijui kama pwani yote ya kusini ilikuwa na ya pili. Kwa ufupi: ukikamata breki kwa nguvu kwenye mchanga au matope, gurudumu hutaka kuganda na kuteleza. Kisanduku cha chuma kilichofichwa chini ya tangi huliachia kidogo na kulikamata tena, upesi upesi, na wewe unasikia leva ikikupigapiga vidoleni. Mtu asiyejua hudhani breki imeharibika, akaachia, na hapo ndipo anapoumia.

Siku hiyo Sista alikuwa akiteremka mteremko wa Kwale na kasha lake nyuma. Mvua za Elnino zilikuwa zimekwisha, barabara imejaa changarawe zilizoletwa na maji. Katikati ya mteremko leva ikawa laini. Akakamata tena, ikafika mpaka kwenye usukani. Hakuna kitu. Akaingia shambani kwa mtu, akafyeka safu nzima ya mihogo, akasimama. Mwenye shamba akatoka mbio. "Mihogo yangu! Mihogo yangu mimi!" Kofia ilipovuliwa akamwona ni Sista aliyemzalisha mkewe, akaanza kumwomba radhi yeye, kana kwamba mihogo ndiyo iliyomgonga. Sista alichubuka kiwiko. Barafu na chanjo za siku ile zilimwagika zote.

Fundi mmoja kijana wa Ukunda akaitazama. "Sista, hii brake iko fiti, ilikuwa tu imekauka. Nimeitopia mafuta." Wiki haikupita, mteremko ule ule, leva ikawa laini tena. Safari hii aliikimbilia injini, akashusha gia mpaka pikipiki ikalia, akafika chini mzima. Msimamizi wa mradi, bwana mmoja wa Mombasa mwenye miwani na wasiwasi, akasema basi. Hataki kumzika mfanyakazi. Jumamosi pikipiki itapelekwa mjini iuzwe, isipokuwa aone kwa macho yake kwamba breki zimepona.

Sista akatufikia Munje akiisukuma, jasho linamtiririka. "Shikamoo, mzee. Kaka Bakari, habari za hapa." Tukamjibu, Mejumaa akampa maji. Alikunywa gilasi mbili, ndipo akasema. "Wakiichukua hii, mimi nitarudi kungoja gari la mradi, na gari lile huja likitaka. Barafu haingoji. Vijiji vya huko juu vitakuwa vimekwisha." Alisema kwa utulivu, lakini alikuwa akisugua kile kiwiko.

Mzee Musyoka hakugusa spana. Alifungua kile kikopo cha mafuta ya breki kilicho kwenye usukani, akachovya kidole, akasugua, akanusa. "Haya ulinunua wapi?"

"Dukani. Ya kupima."

Mzee akafumba macho.

Hapa nisimame kidogo, maana hili ni letu sisi, halimo katika kitabu chochote cha Wajerumani. Kwetu kila kitu kilikuwa cha kupima. Mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, sukari, na mafuta ya breki vile vile. Muuza duka anafungua debe kubwa, anakupimia ndani ya chupa ya soda, unaziba kwa kipande cha karatasi, unakwenda zako. Debe linakaa wazi wiki nyingi, na bahari iko pale. Sasa mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, nanyi mnaijua hewa ya Msambweni, hata chumvi ya jikoni humwagika kwa kubembelezwa. Gari kuukuu lenye mwendo wa pole halitakuambia lolote. Lakini teremka Kwale umeshika breki njia nzima, diski ziwe za moto, yale maji yaliyomo huchemka na kugeuka mvuke. Mvuke hukandamizika. Unakamata, unakamata hewa tupu. Ukifika chini na breki zikapoa, leva inakuwa ngumu tena, na kila fundi anakwambia iko fiti.

Mzee Musyoka aliyasema hayo kwa sentensi mbili, mimi nimehitaji aya nzima. Kesho yake alivuka feri kwenda Mombasa, akarudi na makopo madogo yaliyofungwa, kila moja na muhuri wake. Alifungua moja mbele yetu. Mafuta yaliyobaki ndani yake mwisho wa kazi akayamwaga shimoni. Mejumaa akaruka. "Mzee! Unamwaga mali!" Akamjibu, "Mama, nikiweka leo, kesho ni ya kupima."

Kazi yenyewe tuliifanyia uwanjani, na inataka watu. Karai la maji likawekwa karibu, kwa sababu mafuta yale yakidondokea rangi ya tangi huila, na dawa yake ni maji mengi hapo hapo. Kwa kunyonyea mafuta mabovu kwenye kikopo, Sista alileta bomba kubwa la sindano. Pa kutolea, badala ya ule mpira wetu mweusi usioonesha kitu, alileta mpira wa dripu ambao muda wake ulikuwa umepita, mweupe, unaona kila kinachopita ndani. Mzee aliushika akaugeuzageuza kama mwanamke aliyepewa kanga mpya. "Miaka yote hii," akasema, "mimi nimekuwa kipofu." Mpaka leo mimi hutumia huo, nanyi mnaujua.

Mejumaa akapewa leva. Mzee alikuwa chini kwenye skrubu ya kutolea hewa. Mimi nilisimamia kikopo, nisikiache kikauke, maana kikikauka kinavuta hewa na mnaanza upya. Mzee alikuwa na amri zake. "Kamata!" Mejumaa anakamata na kushikilia. Mzee anafungua skrubu robo, leva inazama, mafuta yanatoka, anafunga. "Achia!" Ndipo anaachia, wala si kabla. Akiachia kabla ya kufungwa, hewa inarudi yote. Basi tukaendelea hivyo, kamata, achia, kamata, mpaka mlango wa ua ukafunguliwa kwa kishindo, majirani watatu wakaingia na fimbo. "Yuko wapi?" Nani? "Huyo mwizi!" Mejumaa aliicheka kesi ile mwaka mzima.

Kwanza yalitoka mafuta meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni. Kisha ya kahawia. Kisha, baada ya makopo kadhaa, masafi kabisa. Tukafanya kisanduku cha ABS, ambacho nacho kina skrubu yake, tukafanya gurudumu la mbele, tukafanya la nyuma. Mzee akajaribu breki, ya mguu na ya mkono. Ya nyuma ilikuwa ngumu. Ya mbele ilibonyea kidogo, laini, kama godoro.

Tulirudia. Godoro. Tulirudia tena. Mejumaa vidole vikawa vimevimba. Mzee akakaa kwenye ndoo, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Nilihisi aibu kubwa, kana kwamba ni mimi niliyemwondoa shambani kwake aje ashindwe mbele ya watu.

Sista alikuwa amechuchumaa kwenye ule uwazi wa tangi, kwani tangi tulikuwa tumelitoa. Alikuwa akifuata bomba la chuma kwa kidole. "Mzee," akasema, "hapa linapanda, halafu linapinda kabla ya kuingia sandukuni. Kwenye dripu, hewa hukaa mahali kama hapa. Huipati kwa kusukuma. Huinuliwa ule mpira, kisha mtu akapigapiga kidogo."

Mzee akainuka kwenye ndoo. Alilitazama lile bomba, akamtazama Sista. Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo nililompendea mzee yule: mtu akisema kweli, kwake ilikuwa furaha, awe nani. "Bakari! Lete mawe!"

Tukaliinua gurudumu la mbele juu ya mawe ya matumbawe niliyokuwa nimeyachimba kwa ajili ya jiko jipya, moja juu ya jingine, hadi pua ya pikipiki ikatazama vilele vya minazi na skrubu ya kisanduku ikawa ndiyo mahali pa juu kabisa. Nilikuwa nikiishikilia isianguke, nasoma kila dua niliyofundishwa. Sista akapigapiga bomba kwa mpini wa bisibisi, taratibu, vile wanavyopiga sindano. "Kamata!" akasema mzee. Kwenye ule mpira mweupe kikapita kiputo kimoja kikubwa, kisha kundi la vidogo vidogo, vinasukumana. Mejumaa alipiga vigelegele. Nami nilipiga kelele ambayo sitaiandika hapa.

Skrubu ile ya mwisho mzee hakuifunga yeye. Alinipa spana. "Funga." Nikafunga, si kwa nguvu, kwani skrubu hizo hukatika, na ikikatika ndani ya kisanduku kile utalia. Akaifunga leva kwenye usukani kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ikalala imekamatwa hivyo, ili vile viputo vidogo vilivyobaki vipande vyenyewe. Asubuhi tulipoufungua, leva ilisimama chini ya vidole vyangu kama imegonga ukuta.

Jumamosi nikaipandisha Kwale polepole. Msimamizi alikuja na gari la mradi, na ndani yake Mzee Musyoka na Sista, ambaye kasha lake lilikuwa limeshajazwa barafu. Akina mama wa Tiwi walikuwa wakimngoja chini asubuhi ile ile. Tukasimama pale barabara inapoanza kuanguka.

Msimamizi akasema, "Haya, Sista, jaribu tuone."

"Sista hajaribu," akasema Mzee Musyoka. Ndipo alipomweleza sheria ya karakana yetu: aliyefunga skrubu ya mwisho ndiye anayeteremka kwanza. Mwenye pikipiki hapandi mpaka fundi amerudi. Mimi nilikuwa naijua sheria hiyo miaka yote, lakini daima aliyefunga alikuwa yeye. Sasa nikaelewa kwa nini nilipewa spana. Nikatazama ule mteremko, changarawe zinang'aa, nikawakumbuka wanangu mmoja mmoja.

Nikawasha. Taa mbili nyekundu za ABS zikamemeta, na nilipoanza kutembea zikazimika zote mbili, ikiwa ndiyo kusema mashine imejipima na imeridhika. Nikasimama kidogo kukaza kofia, nikasikia pikipiki inazama nyuma. Mzee Musyoka, na goti lake bovu, amepanda. "Wewe mzee, shuka!" Sikuwa nimepata kumwambia hivyo maishani. Akasema, "Kufunga ni kazi yako, kufundisha ni yangu. Twende."

Tukateremka. Aliniambia nisiachie breki, niziburute njia nzima mpaka ziungue, kwani breki baridi hazitatuambia kitu. Nikaziburuta. Harufu ya pedi ikaanza kutufuata, kisha ikatupita. Leva bado ngumu. Shamba la mihogo likaja, mwenyewe amesimama mlangoni, safari hii mikono kichwani kabla ya kitu chochote kutokea. "Sasa," akasema mzee nyuma ya sikio langu, "kamata yote." Nikakamata yote. Leva ikanipigapiga vidoleni, takatakataka, changarawe zikaruka pembeni, na ile mashine nzito na wanaume wawili juu yake ikasimama wima, palepale, kama punda aliyekataa. Haikuteleza hata upana wa kiganja.

Mzee akasema tu, "Zikiwa bado za moto. Tena." Tukapanda, tukateremka tena, na tena ikasimama. Nilipomrudisha juu mara ya pili nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Msimamizi aligusa diski kwa kidole, akakiondoa upesi na kukipuliza. Akamtazama Mzee Musyoka, akamtazama Sista, akavua miwani, akaifuta. "Basi," akasema. "Ibaki."

Sista alifunga kasha lake kwa kamba, mafundo mawili. Alipokuja kuchukua ufunguo mkononi mwangu aliuegemea usukani kidogo, akasema kwa sauti ya chini, mzee asisikie, "Kaka Bakari, tangu siku ile ya kwanza mimi hulia kila nikifika hapa. Sijamwambia mtu, hata mama yangu." Kisha akavaa kofia juu ya mtandio, akagusa ardhi kwa ncha za viatu, akaenda.

Nilisimama ukingoni. Niliona taa yake ya breki ikiwaka, ikizimika, ikiwaka tena kwenye kona, bila haraka, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake. Nikageuka kumwonesha mzee, nikamkuta amenipa mgongo, anapanga spana kwenye gunia moja moja.

"Mzee, huangalii?"

"Nilishaangalia," akasema. "Mara mbili."